Kuvu ya wadudu: Kisangani izalishe mbegu yake au iagize Asia?

*Uyoga unaoota juu ya wadudu umekuwa zao la biashara Uchina na Korea Kusini. Msitu wa jimbo la Tshopo, Kongo, una jamaa zake wengi. Kazi ngumu ni kupata mbegu inayozaa kila inapopandwa.*

Weka chupa mbili mezani. Zote zina mchele wa kahawia uliopikwa kwa mvuke hadi usibaki na kimelea chochote. Zote zimepandwa kuvu ya ukoo mmoja, zikakaa gizani mpaka utando ukafunika mchele, kisha zikawekwa kwenye mwanga wa taa.

Baada ya wiki sita au saba, chupa ya kwanza imejaa vidole vya rangi ya chungwa vilivyosimama wima, tayari kuvunwa. Ya pili ina utando mweupe tu, mzito, bila hata kidole kimoja. Mkulima ametumia mchele uleule, umeme uleule na siku zilezile, na chupa hiyo ya pili haina cha kuuza.

Tofauti yao haionekani kwa macho. Mbegu ya chupa ya pili ilikuwa imehamishwa kutoka kisahani kimoja cha maabara hadi kingine mara kadhaa zaidi. Ilikuwa imechoka.

Kuvu hiyo inaitwa Cordyceps militaris. Porini huua viwavi na pupa wa nondo, kisha uyoga wake hutokeza juu ya mzoga. Watu wa Asia ya Mashariki wameila kwa muda mrefu kama chakula na dawa, na leo inalimwa ndani ya majengo kwa kiwango cha kiwanda. Vidonge na kahawa zenye jina la Cordyceps vimeshafika katika miji mingi ya Afrika, na vijana wanaotafuta biashara ndogo wanauliza kama wanaweza kuilima wenyewe.

Kwa mji wa Kisangani swali hilo lina uzito wa pekee. Msitu unaouzunguka umejaa kuvu zinazoishi kwa kula wadudu, na Yangambi, kilomita zipatazo 100 kwa kushuka mto Kongo, ni mahali palipowahi kuifundisha dunia namna ya kuchanganya mbegu. Mahali kama hapa pana haki ya kuuliza: tukianza kilimo hiki, tuanze na mbegu ya nani?

Walioona mapema

Habari ya kuvu hizi nchini Kongo haikuanza jana. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati wa ukoloni, INEAC, iliundwa mwaka 1933, na makao yake ya utafiti yakawa Yangambi. Miongoni mwa machapisho yake ya kwanza kabisa ya kisayansi, mwaka 1935, kuna kazi ya R. L. Steyaert juu ya adui wa asili wa mdudu anayetoboa buni za kahawa. Adui huyo ni kuvu nyeupe, Beauveria bassiana.

Mdudu huyo mdogo mweusi bado anawatesa wakulima wa robusta mpaka leo. Hutoboa tunda la kahawa, hutaga ndani, na watoto wake huila buni kutoka katikati. Kuvu humshika akiwa mlangoni mwa shimo lake, ikamfunika kwa unga mweupe. Zaidi ya nusu karne baadaye wataalamu walithibitisha kwamba Beauveria nayo ni Cordyceps: ni sura isiyo na ndoa ya kuvu ambayo kwa nadra sana husimamisha uyoga.

Mwaka 1949, J. Moureau alichapisha Brussels kitabu kizima kuhusu Cordyceps za Kongo, na mwaka 1961 akaongeza nyingine mpya. Alizikuta kwenye wadudu wa aina nyingi wa msitu huu. Yaani orodha ya kwanza ya utajiri huu iko tayari, imeandikwa, ina michoro. Kilichokosekana ni mtu wa kuzichukua kuvu hizo zikiwa hai na kuzitunza hai.

Kielelezo kilichokaushwa hakizai. Kinamsaidia mtaalamu kujua jina, lakini mfugaji wa kuvu anahitaji kitu kinachokua kwenye kisahani. Hapo ndipo pengo letu lilipo.

Somo la mchikichi

Kabla ya kuingia kwenye kuvu, tukumbuke mti ambao kila nyumba ya Tshopo inaujua. Mwaka 1941, A. Beirnaert na R. Vanderweyen wakiwa Yangambi walieleza siri ya mchikichi. Kuna mchikichi wenye kokwa la gamba nene, dura. Kuna usio na gamba, pisifera, ambao mara nyingi hautoi mikungu ya kufaa. Na kuna wa katikati, tenera, wenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mawese.

Wakulima walikuwa wakichagua tenera nzuri, wakipanda mbegu zake, na wakivunjika moyo. Watoto walitoka mchanganyiko: robo dura, robo pisifera, nusu tu tenera. Watafiti hao wawili walionyesha kwamba ukimchanganya dura na pisifera, watoto wote wanakuwa tenera. Kilichotakiwa ni kuwajua wazazi wawili, kuwatunza kando, na kuwaoanisha upya kila unapotaka mbegu.

Mashamba makubwa ya michikichi ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya elimu hiyo. Faida kubwa ilikwenda huko. Elimu yenyewe ilizaliwa hapa, kwenye ukingo wa mto huu.

> *Yangambi ilionyesha dunia kwamba zao la kutegemewa linatoka kwa wazazi wawili wanaojulikana. Kuvu ya wadudu inadai jambo hilohilo.*

Wazazi wawili

Utando wa kuvu unaweza kutambaa, kula na kukua kwa muda mrefu bila kuzaa uyoga hata mmoja. Unatoa spora za kawaida zisizohitaji mwenzi, na maisha yanaendelea. Uyoga kamili, wenye vifuko vya spora za ndoa, unahitaji jinsia mbili zikutane. Kwa Cordyceps militaris watafiti huziita MAT1-1 na MAT1-2. Mwaka 2011 timu ya Chengshu Wang ya Shanghai ilisoma jenomu yake yote na kuthibitisha mpangilio huo.

Jinsia moja peke yake mara nyingine husimamisha vidole. Lakini vidole hivyo huwa tasa, havina spora za kuendeleza ukoo, na mavuno yake hayatabiriki. Leo yapo, kesho hayapo.

Basi mfugaji wa kuvu hufanya hivi. Huchukua uyoga uliokomaa, ule ambao ngozi yake imeanza kuwa na vipele vidogo. Kila kipele ni mdomo wa chungu kidogo kilichojaa vifuko vyembamba, na kila kifuko kina spora nane, nyembamba kama uzi: nne za jinsia moja, nne za nyingine. Huubandika uyoga huo kwa mafuta mazito chini ya kifuniko cha kisahani, juu ya rojo safi ya lishe, na kuuacha usiku.

Usiku kucha uyoga unarusha spora. Asubuhi, ukiinamisha kisahani kwenye mwanga, unaona ukungu hafifu kama pumzi juu ya kioo. Chini ya hadubini ukungu huo ni nyuzi zilizokatika vipande vipande, na kila kipande kinaanza kuchipua. Kwa sindano nyembamba, mfugaji huchukua chipukizi moja tu na kuipa kisahani chake. Kisha nyingine, na nyingine.

Kila kisahani sasa ni ukoo wa jinsia moja. Kipimo cha vinasaba kinasema ni ipi. Ndipo kazi ya ndoa inapoanza: ukoo wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne, kila jozi kwenye chupa zake za mchele. Huhesabiwa siku mpaka kidole cha kwanza kitokeze, urefu wa vidole, uzito wa mavuno, na chupa ngapi kati ya zilizopandwa zimezaa. Kipimo hiki cha mwisho, kwa maoni yangu, kina thamani kuliko vingine vyote. Mkulima mdogo anaweza kuishi na mavuno ya wastani. Hawezi kuishi na chupa ambazo nusu yake ni nyeupe.

Korea Kusini walifanya kazi hii kwa uvumilivu mkubwa. Jae-Mo Sung wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Kangwon na wanafunzi wake walizunguka misitu wakikusanya wadudu waliokufa kwa kuvu, wakajenga hazina ya koo hai, wakatenganisha spora mojamoja na kuzioanisha mpaka wakapata jozi zinazozaa vizuri. Kuotesha uyoga huu kwenye mchele badala ya mdudu kulikuwa kumeshaonyeshwa Japani na Kobayasi mwaka 1941. Miaka mingi ilipita kati ya kujua kwamba inawezekana na kuweza kuifanya kila siku.

Mbegu inayochoka

Hata jozi bora huharibika. Mkulima hununua mbegu, huihamisha kutoka kisahani hadi kisahani ili aizidishe, na baada ya mizunguko michache utando unaanza kukosa rangi. Kwenye mwanga kuvu yenye afya hugeuka rangi ya chungwa. Iliyochoka hubaki nyeupe, au hutoa kipande cheupe pembeni mwa kisahani. Anayeijua kazi hii akiona kipande hicho hukitupa papo hapo.

Sababu ni zaidi ya moja. Mbegu ya mkulima mara nyingi hubeba viini vya jinsia zote mbili ndani ya utando mmoja, na katika kuhamishwa upande mmoja huweza kupotea bila mtu kujua. Mabadiliko katika vinasaba nayo hujikusanya. Na kuvu iliyozoea rojo tamu ya maabara hupoteza zile nguvu ilizokuwa ikizitumia kumshinda mdudu. Wafugaji wengine huirudisha kwa mdudu: huipanda ndani ya pupa aliye hai, huiacha imshinde, kisha huitoa tena.

Dawa ya kweli ni baridi. Koo za wazazi huhifadhiwa kwenye friji za nyuzi 80 chini ya sifuri au kwenye naitrojeni ya kimiminika, na kila msimu mfugaji hurudi kwenye chupa ya asili badala ya kuzidisha ya jana. Watu wa Kisangani wameshaona tatizo liko wapi. Kituo cha umeme cha mto Tshopo kimo ndani ya mji wenyewe, lakini mji wenyewe unajua kukaa gizani. Friji ya aina hiyo ikikosa umeme kwa siku kadhaa, kazi ya miaka inayeyuka.

Joto la Kisangani

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mbegu za Asia hawalitaji. Cordyceps militaris ni kuvu ya nchi za baridi na vuguvugu. Husimamisha uyoga vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 22, na joto likipita 25 hudorora. Wastani wa joto la Kisangani, mchana na usiku, mwaka mzima, unakaribia nyuzi 25, na alasiri hupita 30. Mji uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Anayetaka kuilima hapa kwa mbegu ya Asia atalipa kiyoyozi kabla hajalipa mchele. Mchele si shida, Tshopo inaulima. Taa si shida, za kuokoa umeme zinatosha. Ni ubaridi, saa 24, kwa siku 40 hadi 60, ambao utammaliza.

Lakini kuvu za msituni hapa hazina kiyoyozi. Zinasimamisha uyoga kwenye majani yaliyooza ya msitu wa hifadhi wa Yoko, kando ya barabara ya Ubundu, kwa joto hilihili na unyevu huuhuu. Uwezo wa kuzaa kwenye joto tayari upo ndani yake. Huo ndio uwezo ambao mfugaji wa Korea hana, na hauwezi kununuliwa.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba ni rahisi. Kati ya mamia ya spishi za kundi hili, ni chache sana zinazokubali kuzaa kwenye mchele. Zile zinazoua sisimizi, za jenasi Ophiocordyceps, hukua polepole mno kwenye kisahani na hukataa kabisa kusimamisha uyoga bila mdudu wake. Hata ile maarufu ya milima ya Tibet, Ophiocordyceps sinensis, ambayo bei yake imewafanya watu waikwangue mpaka ikaingia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, iliwachukua Wachina miongo kadhaa kuilima, na bado wanalazimika kumfuga na nondo wake.

Matumaini yapo kwa jamaa za karibu za Cordyceps militaris, zile zinazoshika viwavi na mabuu. Cordyceps tenuipes, kwa mfano, hulimwa Korea juu ya minyoo ya hariri, na inapatikana sehemu nyingi za dunia, za joto na za baridi. Mtu akianza na kundi hilo, ana njia ya kupita.

> *Mbegu ya Asia italipiwa ubaridi kwa siku 40 hadi 60 za kila zao. Kuvu ya Yoko inazaa kwenye joto la hapahapa.*

Kuagiza au kuzalisha

Upande mmoja wako wenye haraka. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mbegu ya Asia ipo leo, maelekezo yake yapo, soko linalijua jina. Kijana mwenye chumba kimoja, sufuria ya presha na sola anataka kipato mwaka huu. Kumwambia asubiri watafiti watenganishe spora za msituni kwa miaka ni kumwambia akae na njaa.

Upande wa pili wako wanaosema mbegu ya kununua ni utumwa wa kudumu. Inachoka, mnunuzi hana wazazi wake, hawezi kuioanisha upya, atarudi kununua kila mara. Anayekuuzia anajua hivyo. Ni hali ileile ya mkulima wa tenera kabla ya 1941, aliyekuwa akipanda mbegu nzuri na kuvuna mchanganyiko.

Upande wa tatu, ambao sauti yake haisikiki sana, ni wachumaji wa mbinzo, viwavi wa kuliwa. Kwenye soko kuu la Kisangani, msimu wa viwavi ukifika, marundo yao hukaa mbele ya akina mama wauzaji, wabichi na waliokaushwa kwa moshi. Ni protini ya mji huu na ada ya shule ya familia nyingi. Viwavi hao wengi, wakimaliza kula majani ya sapeli na miti mingine, hushuka ardhini kugeuka pupa. Na pupa wa nondo ardhini ndiye hasa windo la Cordyceps militaris.

Je, kuvu ya Asia ikitoroka kwenye mashamba ya vyumbani, itawadhuru mbinzo? Huenda joto la msitu likaizuia. Lakini mfugaji wetu akifaulu kuizoeza joto, atakuwa ameondoa kizuizi hichohicho. Kwa upande wangu hii ni sababu nzito kuliko zote za kuanza na kuvu za hapa, ambazo viwavi wa hapa wamekuwa wakipambana nazo tangu zamani, na za kutoruhusu mbegu ya ng'ambo iingie bila kupimwa kwanza kwa mbinzo wenyewe, ndani ya maabara iliyofungwa.

Msomaji anaweza kuuliza kama kuvu hizi zinaweza kumshika binadamu. Zimejengwa kwa ajili ya miili ya wadudu na hazipendi joto la nyuzi 37. Watu wamekula Cordyceps militaris kwa vizazi. Lakini kuliwa salama hakuthibitishi kuponya. Kemikali yake mashuhuri, kodisepini, ilitengwa na wanakemia wa Uingereza mwaka 1950 na imefanyiwa utafiti mwingi wa maabara, na hadi leo haijawa dawa ya kawaida ya ugonjwa wowote hospitalini. Anayewauzia wagonjwa wa Mangobo au Kabondo vidonge hivi kama tiba ya kisukari au saratani anawatoa kwenye matibabu wanayoyahitaji.

Dawa za kweli kutoka ukoo huu zipo, na zilipita njia ndefu. Saiklosporini, inayouzuia mwili usikatae figo au ini la kupandikizwa, ilitokana na kuvu iliyopatikana kwenye udongo wa Norway na iliidhinishwa Marekani mwaka 1983. Ni mwaka 1996 tu ndipo Kathie Hodge na wenzake walipoonyesha kwamba kuvu hiyo, porini, ni Cordyceps inayoota juu ya buu la mbawakawa. Dawa ilitangulia, mdudu akajulikana baadaye.

Udongo wa Matete

Ipo kuvu ya Kongo ambayo tayari imefika sokoni, na Wakongo wachache wanaijua. Mwaka 1990, kwenye sampuli ya udongo wa Matete, ilitengwa Metarhizium anisopliae iliyoingizwa kwenye hazina ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kwa namba ICIPE 69. Ni kuvu ya kijani inayoua vithiripi na nzi wa matunda. Kampuni ya Real IPM ya Kenya ikaigeuza bidhaa, ikaiuza kwa jina la Campaign.

Hakuna aliyevunja sheria. Mkataba wa Bayoanuwai ulikuwa bado haujatiwa saini, na wataalamu wa icipe walifanya kazi nzuri ambayo wakulima wa maembe wa Afrika Mashariki wanafaidika nayo. Lakini jambo hili linaonyesha thamani inapokaa. Udongo ulikuwa wa Kongo, na mkulima wa Kongo anayetaka kuvu hiyo leo anainunua kutoka Kenya.

Kwa Kisangani, Metarhizium na Beauveria ndizo njia ya mkato ya kujilipia. Hazihitaji kuzaa uyoga. Zinatoa spora nyingi kwenye mchele kwa wiki chache, zinavumilia joto la hapa, na zinaweza kwenda moja kwa moja kwa fukusi wa mgomba, kwa mdudu wa buni za kahawa, kwa kiwavijeshi vamizi aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kula mahindi yetu. Chumba kilekile, sufuria ileile ya presha, hadubini ileile. Maabara ikianza na hizi, itajifunza kutenga, kutunza na kuhesabu, huku mapato ya spora yakiilipia kazi ndefu ya kuoanisha zile za uyoga.

Hapa napishana na wale wanaotaka kuruka moja kwa moja kwenye vidole vya rangi ya chungwa kwa sababu bei yake inang'aa.

Nani mwenye msitu

Sheria ya sasa si ile ya 1990. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka anayechukua kiumbe kwa ajili ya vinasaba vyake akubaliane kwanza na nchi na jamii husika, na wagawane faida. Kongo ni mwanachama wake, na sheria yake ya uhifadhi wa mazingira ya Februari 2014 inagusa jambo hilohilo. Mwaka huohuo, amri nyingine ilizipa jamii za vijijini haki ya kupewa misitu ya jamii hadi hekta 50,000.

Maana yake kwa vitendo: mtafiti wa Kisangani anayeokota kiwavi aliyekufa kwa kuvu kwenye msitu wa jamii anapaswa kurudi na karatasi ya makubaliano, si na mfuko wa sampuli tu. Chifu wa kijiji aandikwe. Namba ya ukoo iandikwe. Ukoo ukizaa biashara miaka 10 baadaye, ijulikane ulitoka mti gani na kwa nani. Jambo hili si gumu, linahitaji daftari linalotunzwa.

Na wa kuanza wapo. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha sayansi na Kituo cha Ufuatiliaji wa Bayoanuwai. Taasisi ya sayansi za kilimo, IFA-Yangambi, inasomesha wahandisi wa kilimo mjini hapahapa. INERA, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa kilimo, imerithi mashamba na hazina ya mimea iliyokaushwa ya Yangambi, kubwa kuliko zote za Afrika ya Kati. Kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini, kiko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, ambako Cordyceps militaris ingeweza kulimwa bila kiyoyozi kikubwa.

Mgawanyo wa kazi unajionyesha wenyewe. Lwiro ichukue koo za baridi, Kisangani ichukue za joto. Mvua zikikolea, wanafunzi waende kwenye misitu ya Yoko na Masako, kitabu cha Moureau mkononi, wakageuze majani, walete kila mdudu aliyekufa na uyoga wake ukiwa bado mbichi, kwa sababu ukikauka haurushi spora. Usiku huohuo ubandikwe kwenye kifuniko. Kila ukoo utakaopatikana ugawanywe mara mbili: nakala moja ibaki Kisangani kwenye friji yenye sola yake yenyewe, isiyotegemea laini ya mji, na ya pili ipelekwe Kivu ikatunzwe Lwiro. Hazina ikishafika hapo, kuoanisha kunaweza kuanza hata kwa chumba kimoja na wanafunzi wawili.